Salamu Isiyojibiwa: Chui wa Kibo na Paka wa Jikoni

Miongoni mwa hekaya zinazosimuliwa pwani na bara, ipo moja inayoeleza jinsi paka alivyofika nyumbani kwa mwanadamu. Hapo kale, yasema hekaya, paka aliishi porini akimtafuta mwenye nguvu wa kumtegemea. Akaanza kwa kuandamana na chui, nduguye wa damu, mpaka siku alipomwona chui akishindwa na simba. Akamwandama simba, mpaka simba alipotimuliwa na tembo. Akamwandama tembo, mpaka tembo alipoangushwa na mwindaji. Akamfuata mwindaji hadi kwake, na pale mlangoni akamwona mke wa mwindaji akimpokonya mumewe upinde na kumwamuru akae kitako. Paka akapita moja kwa moja hadi jikoni, akajilaza kando ya meko, na hajatoka hadi leo.

Aghalabu watu huicheka hekaya hii kwa ajili ya mke na mume. Lakini ndani yake imo nadharia nzima ya tabia ya paka, nayo ni kwamba paka hakukamatwa wala hakufungwa kamba, bali alichagua mwenyewe. Ng'ombe alitiwa zizini, punda akabebeshwa mizigo, mbwa akafunzwa kutii. Paka alikuja kwa miguu yake, na kwa hiyo aweza pia kuondoka kwa miguu yake. Maskani ya mnyama wa namna hii hujengwa juu ya maelewano, na maelewano yanataka pande zote mbili zisomane nyoyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanadamu walivyojaribu kuusoma moyo wa paka, wapi walifaulu na wapi walipotoka. Pahala tulipopachagua ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Msomaji wa visiwani huenda akauliza: kwa nini tuupande mlima, ilhali paka wamejaa vichochoroni mwetu na wanatungoja kila jioni wavuvi wanaporudi? Sababu ni kwamba mlima ule umeukutanisha mwanzo na mwisho wa habari hii. Juu kabisa, katika theluji, alikutwa chui aliyekufa ambaye ulimwengu mzima ulijiuliza alitaka nini. Chini, katika vihamba vya migomba na kahawa, yumo paka wa jikoni ambaye ni wachache mno waliopata kumuuliza anataka nini.

Theluji iliyokataliwa

Tarehe 11 Mei 1848, mmishenari wa Kijerumani Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wenye weupe kileleni. Aliyemwongoza safarini alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezizoea njia za Uchagani kwa biashara. Rebmann alipouliza ule weupe ni kitu gani, kiongozi alimjibu kwa neno moja tu: baridi. Neno hilo lilitosha, maana lilitaja kile ambacho mwili wa binadamu ungekikuta kama ungepanda hadi pale. Rebmann akafahamu kuwa ile ni theluji, akaandika hivyo.

Habari ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa. Hakuwa amefika Afrika Mashariki, lakini alikwisha kujijengea ramani yake akiwa kitini, na katika ramani ile theluji haikuwa na nafasi karibu na mstari wa ikweta. Alishikilia ukaidi huo hata katika kitabu chake cha mwaka 1852. Haukupita muda, baroni Karl Klaus von der Decken akaja mwaka 1861 na tena 1862, na mwaka 1871 Charles New akaifikia theluji yenyewe kwa miguu yake. Cooley akawa ameshindwa na jambo ambalo mtu wa msafara alilijua kwa neno moja.

Twalikumbusha tukio hili kwa kuwa lina funzo litakalotufaa hadi mwisho. Ziko namna mbili za kukosa kujua. Namna ya kwanza ni kutokuona. Namna ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kuona kwa kipimo kilichokwisha kukatwa, kisha kulikataa lile lisiloingia ndani ya kipimo hicho. Elimu ya nyoyo za wanyama imeumwa zaidi na maradhi haya ya pili.

Chui wa Kibo na chui wa Unguja

Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch, aliyekuwa mpandaji hodari wa Kilimanjaro, alimkuta chui aliyekauka kwa baridi karibu na ukingo wa kasoko ya Kibo, mahali palipo zaidi ya mita 5,500 juu ya usawa wa bahari. Chui yule alipigwa picha, na Reusch akamkata sikio kuwa kumbukumbu. Pahala pale pakaitwa Leopard Point kwa lugha ya wapandaji, na katika miaka iliyofuata mzoga wenyewe ukatoweka. Miaka kumi baadaye, yaani 1936, mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alimtaja chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake inayojulikana kwa jina la theluji za Kilimanjaro, na tangu hapo mnyama yule akawa fumbo la walimwengu.

Wahakiki wamemfanya chui yule kuwa ishara ya kila kitu: tamaa ya ukamilifu, upweke wa msanii, mauti yenye heshima. Hatuwalaumu, kwani kazi ya fasihi ni kukipa kitu maana. Lakini tukimtazama chui kama chui, mambo yanakuwa mepesi na ya kusikitisha zaidi. Jamii ya paka ni wanyama wa upweke na wa mipaka. Kila mmoja ana milki yake, na chui kijana hufukuzwa katika milki ya wakubwa, naye hana budi kutafuta pake. Chui huweza kuishi msituni, nyikani, milimani na hata kando ya miji. Katika Kilimanjaro msitu mnene huzunguka mlima kama mkanda, na juu yake yako majani ya nyanda za juu anakoonekana hata mondo akiwinda panya. Mnyama anayefuata windo, au anayekimbia mwenzake, au aliye mgonjwa, aweza kupanda hatua kwa hatua pasipo kujua kwamba mbele yake hapana tena chakula. Huenda chui yule hakutaka kilele hata kidogo, na kilele ni haja yetu sisi tuliomkuta pale.

Kumpa mnyama haja zetu hakuishii kwenye hadithi. Wasomaji wa Unguja wana ushahidi ulio karibu zaidi na mlangoni mwao. Chui wa Unguja alikuwa na umbile lake mbali, mdogo kuliko wa bara, na mwaka 1932 mtaalamu R. I. Pocock alimpa jina lake la kisayansi. Katika vijiji vya Unguja ilienea itikadi kwamba wako chui wa kufugwa na wachawi, wanaotumwa kwenda kumdhuru fulani au kumtisha fulani. Chui alipomchukua mbuzi wa mtu, lililoulizwa halikuwa amekosa nini msituni, bali katumwa na nani. Kila tendo la chui likasomwa kuwa chuki ya binadamu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikapita kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui, iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Misitu ilikuwa ikipungua na windo la chui likipungua pamoja nayo, kwa hiyo kampeni ile ilimkuta mnyama aliyekwisha kudhoofika. Kufikia mwisho wa karne ya 20 alihesabiwa kuwa ametoweka. Mwaka 2018 kamera ya watengenezaji wa kipindi cha televisheni ilimnasa mnyama aliyedaiwa kuwa ndiye, lakini dai hilo halijathibitishwa.

Chui wa Kibo alisomwa vibaya baada ya kufa, na hakupata hasara. Chui wa Unguja alisomwa vibaya akiwa hai, na usomaji huo ukasaidia kumwangamiza. Kwa hiyo swali la nini kimo moyoni mwa mnyama si swali la mchezo.

Njia ya paka kuelekea mlimani

Tumgeukie sasa ndugu mdogo. Paka wote wa majumbani ulimwenguni ni uzao wa paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Jambo hili lilithibitishwa kwa uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2007 na jopo la Carlos Driscoll. Huko Kupro, katika kaburi la kiasi cha miaka 9,500 iliyopita, paka alikutwa amezikwa karibu na mtu, na kwa vile kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, hapana shaka kuwa alipelekwa kwa chombo. Wakulima wa kwanza walipoanza kuweka nafaka ghalani, panya walikuja kwa nafaka, na paka wakaja kwa panya. Wale waliostahimili kuwa karibu na watu walipata chakula na kuzaa, na wale wenye hofu walirudi nyikani. Hekaya yetu ya mlango wa jikoni, basi, haikuwa mbali na ukweli.

Pwani yetu paka ni mwenyeji wa siku nyingi. Panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, aliingia Afrika Mashariki kwa vyombo vya biashara katikati ya milenia ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, kama ulivyoonyesha uchunguzi wa mifupa uliotangazwa mwaka 2017. Palipo na jahazi lenye mchele na panya, paka ni baharia wa lazima. Paka wa Lamu, wenye miguu mirefu na shingo nyembamba, wamesifiwa na wageni kwa kufanana na sanamu za Misri ya kale, na Jack Couffer aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1998. Isitoshe, Waislamu wa pwani walirithi mafundisho yanayomhesabu paka kuwa si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Swahaba mashuhuri alikuwa akiitwa Abu Huraira, yaani mwenye kipaka, na yako masimulizi yanayoonya juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Katika onyo hilo umo ufahamu wa kina: kosa lilikuwa kumnyima paka riziki na kumnyima uhuru kwa pamoja.

Kutoka pwani, njia za misafara zilipanda hadi Uchagani kupitia Pangani, Tanga na Mombasa. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alikuwa akizungumza Kiswahili na wapita njia katika miaka ya 1880, na nguo na shanga za pwani zilibadilishwa kwa pembe za ndovu. Yumkini paka wa nyumbani naye alipanda kwa njia hizohizo, akiwa zawadi au akiufuata mzigo. Lakini kilichompa makao ya kudumu mlimani kilikuwa ghala. Mchaga wa kale aliishi kwa ndizi, na ndizi haiwekwi ghalani. Nafaka yake ya kuhifadhi ilikuwa ulezi, unaotiwa katika mbege, na huo ulikaushwa darini juu ya moshi wa jiko. Kisha mahindi na maharage yakastawi katika mashamba ya nyanda za chini, magunia yakaongezeka, na panya nao wakaongezeka.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa, iliyoanza kupandwa mlimani katika misheni ya Kilema, ikawa zao la wananchi, na vyama vya wakulima vikaundwa: kwanza KNPA mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933. Mji wa Moshi ukawa mji wa stesheni, maghala na maduka ya nafaka. Hata leo, atakayepita katika soko la Mbuyuni ataona kwamba penye magunia ya mahindi na mchele paka hawakosekani. Hasara ya panya si ndogo, kwani wataalamu hukadiria kuwa nchini Tanzania panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka, na miaka ya mlipuko hula zaidi. Basi paka wa Kilimanjaro aliajiriwa, na ajira ndiyo iliyokuwa lugha ya kumwelewa. Alithaminiwa kwa panya aliowakamata. Wengi waliamini, na wangali wakiamini, kwamba paka akilishwa huwa mvivu, hivyo heri abaki na njaa.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika kihamba, ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini, wakiletewa majani yaliyobebwa kichwani kutoka nyanda za chini. Mbwa hufungiwa mchana ili usiku awe mkali. Paka peke yake ndiye huingia na kutoka apendavyo. Watu wa mlimani na wa pwani wameutafsiri uhuru huo kwa maneno mamoja: paka hana shukrani. Neno hili ni kipimo kilichokatwa kwa mbwa kisha kikavishwa paka.

Wataalamu na masanduku yao

Tusidhani kuwa wenye maabara walikuwa na kipimo bora. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna wanadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia, alimchora paka katika hali mbili zilizo kinyume. Paka mwenye hasira hujikunyata, masikio kayalaza nyuma, kinywa wazi. Paka mwenye mapenzi husimama wima, mkia kauinua, mgongo kaubinua kidogo, akijisugua mguuni mwa mpenzi wake. Darwin alifanya kama Bwana Kheri: alitaja alichokiona.

Waliomfuata walitaka vipimo zaidi. Mwaka 1898 Edward Thorndike wa New York aliwatia paka wenye njaa katika masanduku yenye komeo, akapima muda wa kila mmoja kutoka. Alihitimisha kuwa paka hafikiri, bali hujaribu na kukosea mpaka abahatike. Wapinzani wake wakamwuliza: mnyama mwenye njaa na hofu, aliyefungiwa ndani ya sanduku asilolijua, aonyeshe akili gani? Mapema katika karne ya 20 Walter Cannon wa Harvard alionyesha kuwa paka akibwekewa na mbwa, tumbo lake huacha kusaga chakula na damu yake hujaa kemikali ya hofu. Naye Walter Hess wa Zürich, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, alipogusa kwa umeme sehemu maalumu ya ubongo wa paka, paka alifoka na kusimamisha manyoya kana kwamba amemwona adui. Hofu na hasira za paka, basi, zina makao mwilini kama zilivyo zetu. Ni mambo yaliyojulikana kwa gharama ya mateso ya paka wenyewe.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha mwaka 1946. Edwin Guthrie na George Horton, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, walitengeneza sanduku lenye kijiti katikati. Paka akikigusa kijiti kile, mlango hufunguka na chakula kipo nje. Watazamaji walikaa mbele wakiandika. Waliona paka kila mara akijisugua kwenye kijiti kwa namna ileile: kichwa, ubavu, kisha mkia. Wakastaajabu kwa usawa wa tendo hilo, wakalifanya nguzo ya nadharia yao ya jinsi viumbe vinavyojifunza. Kwa zaidi ya miaka 30 nadharia hiyo ilifundishwa vyuoni.

Mwaka 1979 wataalamu wawili, Bruce Moore na Susan Stuttard, walirudia jaribio hilo kwa kubadili jambo moja. Hawakutoa chakula, na mlango haukufunguka. Paka akaendelea kujisugua vilevile, maadamu anamwona mtu mbele yake. Mtu alipoondoka asionekane, paka akaacha. Siri ikafichuka: hapakuwa na somo lolote lililokuwa likijifunzwa sandukuni. Paka alimwona mtu, naye kwa desturi ya jamii yake akamwamkia. Kwa kuwa kioo kilimzuia asiufikie mguu wa mtu, alijisugua kwenye kitu kilichokuwa karibu, yaani kijiti. Wale mabwana waliandika mamia ya salamu wakizihesabu kuwa ni kitu kingine, na hawakujibu hata moja.

Msomaji wa pwani, aliyelelewa katika jamii ambayo mtu asiyejibu salamu huhesabiwa hana adabu, ataielewa aibu ya kisa hiki upesi. Vivyo hivyo Mchaga, ambaye kwake kumpita mkubwa bila maamkizi ni kuivunjia heshima nyumba nzima.

Kamusi ya mwili

Katika miaka ya karibuni elimu hii imekuwa na adabu zaidi, kwa sababu watafiti wamewaendea paka majumbani mwao. Yaliyopatikana yanaweza kupangwa kama kamusi fupi.

Mkia ulioinuliwa wima ni salamu ya amani, ambayo watoto humpa mama yao na paka wazima humpa mtu wanayemwamini. Mkia unaopigapiga chini si furaha kama ya mbwa, bali ni onyo. Masikio yaliyolala ubavuni ni hofu. Kukanda kwa nyayo juu ya nguo au paja ni kumbukumbu ya utotoni, kipaka alipokuwa akikanda titi la mama ili maziwa yatoke.

Mlio wa nyau una historia ya ajabu. Paka wazima ni nadra kuliana nyau wao kwa wao. Mlio huo ni wa kipaka kwa mama yake, na paka mzima ameuhifadhi kwa ajili yetu. Kwa maneno mengine, ni lugha ya mawasiliano iliyozaliwa baina ya jamii mbili, mithili ya lugha za bandarini. Kukoroma nako si furaha peke yake, kwani paka aliyeumia au anayezaa hukoroma pia, kama anayejiliwaza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha kuwa paka anayeomba chakula hutia ndani ya mkoromo wake sauti nyembamba inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na watu huitambua kuwa ni ya dharura hata kama hawajapata kufuga paka.

Mwaka 2019 mtafiti Atsuko Saito wa Japani alithibitisha kuwa paka hulitambua jina lake miongoni mwa maneno mengine. Mwaka huohuo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon ulionyesha kuwa karibu thuluthi mbili ya paka huwategemea walezi wao kwa utulivu wa moyo, kama mtoto anavyomtegemea mzazi. Na mwaka 2020 watafiti wa Sussex walionyesha kuwa mtu akimtazama paka kisha akafumba macho polepole na kuyafumbua, paka naye hujibu kwa kufumba yake, na huwa mwepesi zaidi kumsogelea. Macho makavu yanayokodoa ni tishio katika jamii ya paka. Kuyafumba mbele ya mwenzio ni kumwambia: sikuogopi, nawe usiniogope.

Wahenga walikwisha kuligusa jambo hili waliposema kuwa paka hakubali kulala chali. Tumbo ndilo udhaifu wake. Akilionyesha mbele yako amekupa amana, na amana haipapaswi ovyo ovyo.

Kuhusu ile imani ya njaa, majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kuwa hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni mambo mawili mbalimbali ndani ya paka. Paka anayekula chakula akipendacho, akimwona panya, huacha chakula, humwua panya, kisha hurudi kwenye sahani yake. Paka wa kihamba anayelishwa vizuri atalinda mahindi, tena kwa nguvu zaidi na bila kuzurura kwa jirani. Kinachomfanya awe wa nyumba si njaa, bali ni mikono ya watu katika wiki zake za mwanzo. Kipaka asiyeshikwa na mtu kati ya wiki ya pili na ya saba huenda akabaki na hofu ya binadamu maisha yake yote. Yule paka shume tunayemwita mkorofi, mara nyingi ni yatima wa wiki hizo tano.

Hesabu ya mwisho

Hata hivyo ujuzi wote huu haujashuka mpaka mekoni. Bado paka wa miteremkoni hufa kwa sumu ya panya kwa kumla panya aliyeila. Bado paka aliyechokwa hutiwa kirobani na kutupwa mbali, ili asiijue njia ya kurudi. Desturi hiyo ni ushahidi mkubwa dhidi ya kauli kwamba hana shukrani, kwani kama asingeyapenda makao yake kulikuwa na haja gani ya kumfumba macho? Bado paka mweusi hufukuzwa kwa mawe, akidhaniwa ametumwa, na hapo twaisikia tena sauti iliyomfuata chui wa Unguja.

Sheria ya nchi imekwisha kusema neno lake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisi, na kwamba binadamu ana wajibu wa kumtunza na kumheshimu. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kusoma mkia. Kazi hiyo ni ya nyumba, ya bibi anayemwonyesha mjukuu jinsi ya kumshika kipaka bila kumbana, na ni ya washairi pia, ambao siku zote wamekuwa wakituhimiza tuwe makini na ishara ndogo.

Bwana Kheri hakuhitaji kufika kileleni ili ajue kuwa juu kule kuna baridi. Alitazama, alisikiliza waliotangulia, akasema alichokijua, wala hakuongeza. Kwa paka twatakiwa kufanya hayohayo. Si lazima tudai kuwa anapenda kama tupendavyo, wala tukatae kuwa anapenda. Yatosha, anapokuja mlangoni na mkia wake juu, tufahamu kuwa ametoa salamu, na tumjibu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, nao hawakuweka sharti la panya wangapi.